Jokofu la Watu Saba: Shajara ya Kupunguza Chakula Kinachotupwa

Januari, juma la mwisho

Mradi huu una lengo moja, nalo ni kupunguza kwa nusu chakula kinachotoka katika jokofu letu kwenda kwenye taka kabla shule hazijafunguliwa kwa muhula wa pili. Nyumba yetu ya Buruburu, Nairobi, ina watu saba: mimi na Baba Imani, watoto watatu, mama mkwe wangu, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Kati ya hao saba wanunuzi ni wanne, na hapo ndipo ninaposhuku kwamba shida imejificha. Mimi hupitia kwa mama mboga jioni nikitoka kazini. Baba Imani hupita buchani kila Ijumaa. Dada hununua vya dharura kibandani mchana. Naye mama mkwe hawezi kuliona fungu zuri la managu akaliacha. Kila mmoja hununua kwa nia njema, na hakuna anayejua mwenzake ameleta nini.

Kabla ya kupanga chochote tumeamua kupima. Dada ametenga ndoo ndogo ya rangi, ile ya lita nne, na kila kilichowahi kuwa chakula hutiwa humo kwanza. Maganda, mifupa na majani ya chai hayahesabiwi, kwa kuwa hayo hayaliwi hata yangehifadhiwa vipi. Ndoo ilijaa kabla juma halijaisha. Humo mlikuwa na sukuma wiki iliyokatwakatwa ikageuka manjano, wali usiojulikana ulipikwa lini, nyanya zilizopasuka, maziwa ya pakiti yaliyoganda, na ndengu zilizokaa ndani ya mkebe wa siagi hadi kila mtu akaamini kwamba humo mna siagi. Na huu ni mwezi wa Januari, ambao karo na madeni ya sikukuu humfanya mtu ahesabu hata shilingi ya giligilani.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, lilitoa ripoti mwaka 2024 iliyokadiria kwamba mwaka 2022 maduka, mikahawa na nyumba za dunia nzima zilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na kwamba asilimia 60 ya kiasi hicho ilitoka majumbani. Kwa wastani, hicho cha majumbani ni kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka, pungufu kidogo ya gunia la mahindi la kilo 90. Hesabu hiyo inajumlisha pia maganda na mifupa, kwa hiyo haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na ndoo yetu. Hata hivyo nikiwaza magunia saba yamepangwa sebuleni kwetu, sihitaji kushawishiwa zaidi.

Februari, mwanzoni: joto

Kipimajoto cha jokofu si ghali, na kimetueleza mambo ambayo mkono hauwezi kuyahisi. Tulikiweka ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati usiku kucha, asubuhi kikasoma nyuzi 8 za Selsiasi. Mlangoni palikuwa na joto zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kinachoharibika kihifadhiwe chini ya nyuzi 5, kwa kuwa kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaana kwa kasi, nayo friza yafaa ikae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa maneno mengine, jokofu letu lilikuwa kabati lenye ubaridi kiasi, na maziwa yaliyoganda hayakuwa na kosa lolote.

Kirekebishi cha baridi, chenye namba 1 hadi 7, kilikuwa kimewekwa kwenye 2, kwa sababu wengi nyumbani waliamini kwamba namba ni za joto. Katika majokofu mengi, letu likiwamo, namba kubwa ina maana ya baridi zaidi. Tulikagua pia mpira wa mlango kwa kubana noti ya shilingi hamsini kati ya mlango na fremu: noti ikivutika bila kung'ang'ania, hewa ya joto inapita. Upande wa chini wa mpira wetu ulikuwa umeganda kwa mchuzi mkavu, na maji ya vuguvugu yenye sabuni yalitosha kuurejesha katika hali yake. Friza nayo ilikuwa na barafu nene ukutani, ambayo hulifanya jokofu kutumia umeme mwingi kwa baridi ndogo, kwa hiyo tuliizima, tukaiacha mlango wazi juu ya mataulo, kisha tukaipangusa ikakauka. Siku mbili baadaye rafu ya kati ilisoma nyuzi 4.

Maziwa yameondolewa mlangoni. Mlango ndio sehemu inayopata joto kila unapofunguliwa, na katika nyumba yenye watoto watatu, wafunguao jokofu kwa sababu tu lipo, hufunguliwa mara nyingi mno. Sasa mlangoni kuna jemu, achari, sosi ya nyanya na chupa za maji ya kunywa.

Februari, katikati: rafu

Nilikuwa nimechora mpango wa rafu kwa aina za vyakula: maziwa na mazao yake mahali pamoja, nyama mahali pake, matunda na mboga kwingine. Dada aliutazama mchoro kwa adabu kisha akasema, "Mama, huu ni mpango wa duka. Mimi sipiki kwa aina, ninapika kwa siku." Nimeifikiria kauli hiyo tangu wakati huo, na ninaamini ndiyo kiini cha mradi mzima. Jokofu la nyumbani hupangwa na mnunuzi, kwa macho ya mtu anayeingiza vitu, ilhali anayelihitaji kwa kweli ni mpishi, ambaye kazi yake ni kuvitoa. Mnunuzi huweka kipya mbele kwa kuwa ndicho alichobeba. Mpishi angependa cha zamani kiwe mbele kwa kuwa ndicho kinachokaribia kuharibika.

Basi mpango uliokubaliwa ni wa dada. Rafu ya juu kabisa, iliyo usawa wa macho, ni ya vitu vinavyopaswa kuliwa leo au kesho: kiporo, maziwa yaliyofunguliwa, nusu ya kitunguu, nusu ya parachichi. Hakuna chungu kipya kinachobandikwa jikoni kabla rafu hiyo haijatazamwa. Rafu ya kati ina maziwa yasiyofunguliwa, mayai na vitu vya makopo ya chakula cha shule. Ya chini ni ya nyama mbichi na samaki, juu ya sinia yenye kingo, ili damu isidondokee chakula kilicho tayari kuliwa. Droo ni ya mboga peke yake.

Mikebe ya siagi imestaafishwa. Chakula kisichoonekana hakipo, hasa kwa mtu aliyerudi saa mbili usiku akiwa na njaa, na hakuna kinachoficha chakula kama mkebe wenye picha ya kitu kingine. Tumenunua vyombo vya plastiki angavu vyenye vifuniko, vya ukubwa mmoja ili vipandane, na juu ya kila kifuniko tunabandika kipande cha utepe wa karatasi chenye jina la siku kilipopikwa. Tarehe tuliziacha, kwa kuwa nyumbani hatusemi "maharagwe ya tarehe kumi na mbili". Tunasema ya Jumatano. Mama mkwe hakukubali mikebe itupwe, na sasa inatunza vibanio vya nguo, mbegu za dania na vifungo ambavyo havijulikani ni vya shati gani.

Februari, mwishoni: mboga za majani

Hapa ndipo ndoo ilikuwa inajazwa, na hapa ndipo tumetumia muda mwingi zaidi.

Mama mboga wa Nairobi humtendea mteja hisani kubwa: humkatia sukuma wiki papo hapo, nyembamba kama uzi, akiongea naye. Kwa chakula cha jioni hiyo hiyo hakuna hisani iliyo bora. Lakini jani huendelea kupumua na kupoteza maji hata baada ya kuchumwa, na likikatwa mara mia huwa limefunguliwa majeraha mia ya kupotezea maji na kuingiza vijidudu. Sukuma iliyokatwa ikalala jokofuni usiku mmoja inaweza kuvumilika; baada ya hapo hunuka. Sasa tunanunua majani mazima, na anayekatiwa ni yule tu anayepika siku hiyo.

Tulizoea pia kuosha mboga zote Jumamosi na kuziweka zikiwa bado na maji, tukidhani tunarahisisha kazi ya juma. Maji juu ya jani ni makaribisho kwa uozo. Sasa majani yanapanguswa udongo, yanatenganishwa na yale yaliyokwisha kuchoka, kisha yanafungwa ndani ya kitambaa cha pamba na kuingia kwenye droo. Kuosha ni kabla tu ya kupika. Vitambaa vimetokana na shuka kuukuu lililokatwa vipande. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, kila nyumba imetafuta namna yake ya kufunga mboga, na pamba imetufaa kuliko gazeti, kwa kuwa hunyonya maji yaliyozidi bila kulikausha jani na hufuliwa ikatumika tena. Sukuma iliyofungwa hivyo inafika katikati ya juma ikiwa bado imesimama. Managu na terere ni dhaifu zaidi, hivyo hupikwa siku ya kwanza au ya pili. Yakizidi, tunayachemsha kidogo, tunayapoza kwa maji baridi, tunayakamua na kuyagandisha katika mafungu ya mlo mmoja mmoja. Maziwa au krimu huongezwa siku ya kuliwa.

Nyanya zimetolewa kabisa kwenye droo. Nyanya mbivu, ndizi, parachichi na maembe hutoa gesi ya ethilini, ambayo huivisha matunda jirani na kuyageuza majani kuwa manjano, kwa hiyo kuziweka pamoja na sukuma ni kuiharakishia uzee. Isitoshe, baridi ya jokofu hupunguza ladha ya nyanya. Zinakaa kwenye kikapu juu ya kabati, na zikianza kulegea dada husaga zote, huzichemsha na kitunguu hadi zikauke kidogo, kisha huzigandisha zikawa rojo ya mchuzi. Viazi navyo havihitaji jokofu, kwa kuwa baridi hubadilisha wanga wake kuwa sukari na chipsi zikawa nyeusi kabla hazijaiva. Vinakaa gizani, mbali na vitunguu, ambavyo hupenda hewa kavu. Dania husimamishwa ndani ya glasi yenye maji kidogo, kama maua, na tangawizi hugandishwa nzima ikakwaruzwa ikiwa bado jiwe.

Machi, mwanzoni: ununuzi

Fedha za jikoni za juma zinatumwa kwa dada kwa M-Pesa kila Jumamosi asubuhi, na orodha ni yake. Mtu mwingine yeyote anayetaka kununua chakula anamuuliza kwanza kwa simu au katika kikundi cha WhatsApp cha nyumba. Baba Imani ameiona sheria hii kuwa kali, hasa siku ya Ijumaa, lakini ameitii. Ununuzi mkubwa unafanyika soko la Mutindwa, na kibanda cha mtaani kimebaki kwa mboga za siku hiyo hiyo, kazi ambayo kinaifanya vizuri kuliko jokofu lolote. Kuna watu wanaoshauri familia inunue kila kitu mara moja kwa mwezi ili kupunguza gharama. Ushauri huo unafaa kwa unga, mchele, ndengu na sabuni. Kwa mboga, katika mji ambao mama mboga yuko hatua chache kutoka langoni, sioni maana yake.

Machi, katikati: maharagwe, wali, mkate

Kila Jumamosi sufuria moja kubwa ya maharagwe, au ya mahindi na maharagwe kwa ajili ya githeri, inachemshwa bila chumvi wala viungo na kugawanywa katika vyombo vya friza. Gesi inawashwa mara moja badala ya mara tatu, na mchuzi wa Jumanne unakuwa tayari kwa muda wa kukaanga kitunguu. Vyombo havijazwi hadi juu, kwa sababu maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9 na kukipasua kifuniko. Vinateremshwa kutoka friza hadi rafu ya chini usiku uliotangulia, wala si kuachwa mezani viyeyuke, na nyama iliyogandishwa hufuata utaratibu huo huo.

Wali umehitaji mazungumzo. Mama mkwe amekuzwa katika nyumba ambamo sufuria hufunikwa ikalala jikoni hadi asubuhi, na amelea watoto sita kwa njia hiyo, kwa hiyo nilimwendea kwa heshima. Nilimweleza kwamba mchele huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye joto la kawaida mbegu hizo huamka, na sumu inayotengenezwa humo haiondoki hata wali upashwe moto namna gani. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa kumbe lile tumbo la baba yenu la kila Jumatatu lilikuwa la wali wa Jumapili." Tangu siku hiyo ndiye mlinzi wa sheria: wali uliobaki hutandazwa kwenye sinia pana upoe haraka, na kabla ya saa mbili kupita tangu kuiva unakuwa ndani ya jokofu. Kesho yake hukaangwa na yai, karoti na hoho.

Ugali uliobaki hauna shida. Hukatwa vipande, hukaangwa, na kunywewa chai asubuhi. Mkate tumeuondoa jokofuni kwa kuwa baridi yake huufanya ukakamae upesi kuliko kukaa nje. Nusu ya mkate hugandishwa siku ile ile unaponunuliwa, na vipande huchomwa kutoka friza moja kwa moja.

Aprili, mwanzoni: umeme

Mvua za masika zimeanza, na kama kawaida umeme umeanza kupotea nazo. Jokofu lisilofunguliwa hushika baridi kwa takriban saa nne. Friza iliyojaa huweza kufika saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Ili friza isiwe na nafasi tupu tumejaza mapengo kwa chupa za maji, ambazo huganda na kugeuka akiba ya baridi. Stima ikipotea, dada huandika saa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, na mlango haufunguliwi kwa sababu yoyote. Watoto wanakunywa maziwa ya muda mrefu, ambayo pakiti yake isiyofunguliwa hukaa kabatini. Katika ukatikaji mmoja uliozidi saa sita, kipimajoto kilikuwa kimepanda juu ya nyuzi 5, tukatupa samaki na mchuzi wa kuku uliokuwa umepikwa siku iliyotangulia. Vya friza vilivyokuwa bado na chembe za barafu tuliviacha vigande tena. Ndoo ya juma hilo ilikuwa nzito, na sina namna ya kuihesabu dhidi ya mpango.

Aprili, baada ya Pasaka: mzigo wa Murang'a

Hakuna mpango wa jokofu uliobuniwa kwa ajili ya familia inayorudi kutoka mashambani. Buti la gari lilikuwa na gunia la parachichi, mkungu mzima wa ndizi mbichi, malenge mawili, nduma, na mtungi wa maziwa yaliyokamuliwa alfajiri hiyo. Kukataa ni matusi kwa aliyekupa, na kuvipokea vyote ni kuahidi kuvila.

Tumeanza na maziwa, kwa kuwa ndiyo yasiyosubiri. Yalichemshwa usiku huo huo, sehemu ikapozwa kwa ajili ya chai, na iliyobaki ikatiwa kijiko cha maziwa lala ya dukani ili igande kwa makusudi. Nduma na malenge hayakuhitaji kitu zaidi ya mahali pakavu. Parachichi ndilo lililotaka mkakati. Tunda hili haliivi likiwa mtini, huiva baada ya kuchumwa, na jambo hilo humpa mwenye nyumba uwezo wa kuamua lini. Imani na wadogo zake waliyapanga kwa kuyabonyeza taratibu karibu na kikonyo: magumu kama jiwe yaliwekwa mahali penye ubaridi kidogo, mbali na ndizi, machache yaliwekwa ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu ili ethilini iyaivishe kwa ajili ya juma hilo, na yaliyokwisha kulegea yakaingia jokofuni, ambako hukaa siku kadhaa zaidi bila kuiva kupita kiasi. Gumu haliingizwi jokofuni, kwa kuwa baridi huweza kulizuia lisiive vizuri. Yaliyoiva kwa pamoja kupita uwezo wetu yalipondwa na maji ya limau na kugandishwa.

Hata hivyo theluthi ya gunia ilikwenda kwa majirani zetu, na ninaihesabu hiyo kuwa sehemu ya mradi, wala si kushindwa kwake. Ndizi zilitushinda. Mkungu huiva karibu wote kwa wakati mmoja, na baada ya keki, uji na kugawa, zilizobaki ziliifikisha ndoo ukingoni.

Mei, mwanzoni: mahali tulipofika

Ukiondoa juma la stima na juma la Pasaka, ndoo sasa haifiki nusu, na kilichomo kimebadilika. Sukuma haionekani tena. Wali hauonekani. Kinachoonekana ni vijiko viwili vya mchuzi, ncha za karoti, na chakula kilichoumwa na mtoto wa mwisho kikaachwa. Maganda yanachukuliwa na jirani anayefuga kuku, ambaye huyafuata mwenyewe Jumatano na Jumamosi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, na tunazitenga, ingawa lori la mtaa huu huzipokea zote katika rundo moja.

Bado kuna sehemu ambayo hatujaigusa. Makopo ya chakula cha shule hutoka jokofuni yakiwa yamejaa na kurudi jioni yakiwa na theluthi, na kwa kuwa hurudi moja kwa moja kwenye sinki, kiasi hicho hakijawahi kupita ndani ya ndoo. Ninashuku kwamba tunapakia kwa kipimo cha hofu ya mzazi badala ya njaa ya mtoto, na kwamba muda wa kula shuleni ni mfupi kuliko tunavyodhani. Shule zikifunguliwa Jumatatu, makopo yatamwagwa kwenye ndoo kabla ya kuoshwa, na kila mtoto ataandika kwenye karatasi ya mlangoni kilichorudi na sababu yake. Dada ameongeza sharti moja: sababu isiwe "sikutaka" peke yake.